Jina Moja Ambalo Bi Fomu Hakulikata

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyebisha hodi kwenye milango ya wengi wenu. Alifariki wiki mbili zilizopita, akiwa na miaka sitini na minne. Sitini na minne tu. Mlimwita Bi Fomu, na mwishowe hata ndugu zake walimwita hivyo hivyo.

Kazi yake ilikuwa hii. Kila mwaka, ofisi ya uandikishaji wapiga kura hupeleka fomu moja kwa kila nyumba, yenye majina ya watu wazima wanaoishi humo. Aliyehama anakatwa. Aliyefariki anakatwa. Aliyetimiza miaka kumi na minane anaongezwa. Mkuu wa kaya anatia sahihi. Bi Fomu alizigawa fomu hizo na kuzikusanya kwa miaka ishirini na miwili. Narudia, ishirini na miwili, kwa miguu.

Hakuwa na simile. Ukimwambia njoo kesho, kesho yuko mlangoni hujapiga hata mswaki. Kinyozi wa mtaani kwake anakumbuka: "Aliingia nina mteja kichwa nusu. Akasema, 'Shemeji, babu yenu bado yumo kwenye fomu, na tulimzika mwezi wa tatu. Au atakuja kupiga kura?' Watu walicheka hawana mbavu. Nikaweka mashine chini, nikasaini."

Waliomuuliza kwa nini anawasumbua aliwajibu jambo lile lile: "Ukiacha jina la mtu ambaye hayupo, mwingine atalitumia."

Mumewe, fundi bomba, alipofariki, alimkata kwenye fomu wiki ile ile. Binti yake, ambaye ni muuguzi, alikuwepo. "Nilimwambia, mama, si ungengoja kidogo? Akasema, mwanangu, wenzangu nitawaambia nini?"

Lakini, wasikilizaji wapendwa, kulikuwa na jina moja.

Mtoto wake wa kwanza alikuwa fundi wa mafriji. Akiwa na miaka ishirini na sita aliondoka kwenda kutafuta kazi mji mwingine. Alipiga simu kila Jumapili, mwaka mzima na nusu. Kisha Jumapili moja simu haikulia. Bi Fomu alikwenda polisi, akaenda hospitali, akaenda hadi kwenye karakana alikokuwa akifanya kazi. Wakamwambia alichukua vifaa vyake akaaga, basi. Ikapita miaka tisa. Na kila mwaka, kwa miaka yote tisa, Bi Fomu alitia sahihi kwamba mwanawe anaishi nyumbani.

Binti yake alimkabili mara moja tu. "Mama, kaka haishi hapa."

"Kitanda chake kiko wapi?"

"Chumbani."

"Basi anaishi hapa."

Uchaguzi ukafika. Bi Fomu alipanga foleni kwenye darasa la shule ya msingi, kama jirani yeyote. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Karani wa kituo alifungua daftari kutafuta jina lake, na Bi Fomu, aliyezoea kusoma fomu zikiwa zimegeuzwa, akaona. Juu ya jina lake palikuwa na jina la mwanawe. Mbele yake, alama ya vema na sahihi.

"Huyu amepiga kura?"

"Ndiyo, mama. Saa moja na robo."

"Umemwona? Yukoje?"

"Wamepita wengi, mama. Chukua karatasi yako."

Hakuichukua. Alitoka mbio, na tangu ajiandikishe ujanani, hiyo ndiyo kura pekee aliyoikosa. Alimpigia binti yake wodini. "Kaka yako amerudi! Amepiga kura!" Alifika nyumbani, hakuna mtu. Akaenda stendi ya mabasi, akaulizia nyumba za wageni, akapita kwa kinyozi. "Aliniuliza kama nimemnyoa," anasema kinyozi. "Nikamwambia hapana, Bi Fomu. Akasema, basi atakuja, nywele zake hukua haraka."

Akatandika kitanda shuka mpya. Akakaa mlangoni. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Siku ya nne alikwenda ofisini kwao, akaomba kuiona ile sahihi vizuri. Mwanawe aliandika kwa mkono wa kushoto, herufi zake zilijilaza nyuma. Pale kwenye daftari palikuwa na vizingo vitatu vya duara. Moyo wake ulikwishajua, lakini mkono uliendelea kufunua. Vizingo vile vile ukurasa wa pili. Vile vile ukurasa wa tano. Wasikilizaji, naomba mlishike hili: majina kumi na mawili, mkono mmoja. Wote walikuwa watu waliohama au kufa. Majina kumi na moja yalitoka kwenye mitaa ya wakusanyaji wengine. La kumi na mbili lilitoka nyumbani kwake.

Diwani wa kata yetu alikuwa ametangazwa mshindi kwa tofauti ya kura tisa tu.

Bi Fomu aliomba kuandika malalamiko. Mkuu wa ofisi akafunga mlango, akampa kiti. "Dada yangu, ukiandika haya unajiandika na wewe. Umesaini uongo miaka tisa."

"Najua. Nipe kalamu."

Aliandika kurasa mbili. Hakujificha. Na matokeo ndiyo haya. Barua ya kumfukuza kazi ilikuja ndani ya wiki moja, mistari miwili. Malalamiko yake yalijibiwa kwa neno moja: yamepokelewa. Diwani alikula kiapo. Mwenye vizingo vitatu hakutafutwa. Katika mkasa wote ule, mtu mmoja tu aliadhibiwa, naye ndiye aliyesema.

Wala haikuishia hapo. Mtaani wakavumisha kwamba alikiuza kitambulisho cha mwanawe. Watu aliowafuata miaka yote hiyo wasipoteze kura zao, wakawa wanamkwepa njiani. Nilimuuliza kinyozi kama alimtetea. "Walisema mbele yangu," akasema. "Mimi nilikuwa nanyoa."

Mwaka uliofuata fomu ililetwa na mtu mwingine. Bi Fomu alikaa nayo siku mbili. Siku ya tatu alilikata jina la mwanawe, akiwa amesimama. Binti yake alipomshika bega, aliutoa mkono wake. "Usilie. Fomu ina aliyefariki na aliyehama. Nimeandika amehama."

Miezi minane baadaye naye akatutoka. "Wameandika presha," anasema binti yake. "Mimi ni muuguzi, presha naijua. Ile ya mama ilianza siku ya kura."

Wasikilizaji wapendwa, kwako dada muuguzi na ukoo wenu wote, tunawapa pole, na pole hii imechelewa. Ingefaa tuilete alipokuwa hai. Nanyi mnaonisikiliza, mna fomu ndani. Isomeni, jina baada ya jina, na kila jina mjiulize mwenye jina yuko wapi. Kisha mjiulize kwa nini Bi Fomu aliachwa peke yake.

Na wewe kaka, fundi wa mafriji, kama redio hii inafika huko uliko. Mama yako amezikwa. Kwenye daftari la mtaa wetu jina lako halimo tena. Njoo ujiandikishe mwenyewe.