Bi Mwanakheir na Simu Iliyomuuliza Kama Ametembea

Assalaam alaykum. Wazee wetu, mama zetu na majirani, ahsanteni kwa dua zenu, na ahsanteni kwa miguu yenu. Neno hili la miguu mtalisikia tena, maana maisha ya marehemu wetu hayasimuliki bila ya hilo. Yaliyomo humu yameandikwa na watoto wake pamoja na dada yake, na anayeyasoma kwenye hitma hii ya arobaini ni mwanawe wa kwanza, Basil.

Marehemu Mwanakheir binti Silima Ame alizaliwa Alkhamisi, tarehe 14 Machi 1968, Jongowe, kisiwani Tumbatu. Baba yake ni Mzee Silima Ame na mama yake Bi Mayasa Kheir. Alikuwa mtoto wa pili. Wa kwanza ni Bi Shahida, aliyemtangulia kwa miaka mitatu na kumlea mgongoni mama yao alipokuwa shamba. Mwaka 1975 familia ilihamia mjini, Jang'ombe, na huko ndiko alikosoma mpaka kidato cha tatu, mwaka 1986. Kwenye ripoti yake ya darasa la tano mwalimu aliandika maneno mawili tu: "Anauliza mno." Mzee Silima alidhani ni sifa, akamnunulia viatu.

Kazi yake ilikuwa cherahani. Alianza mwaka 1987, akashona sare za skuli na nguo za mabiarusi wa mitaa mitatu. Siku ya kwanza aliyopewa cherahani aliifungua yote, kwa sababu alitaka kujua uzi wa chini unauonaje wa juu. Kuirudisha kulimchukua siku mbili, na parafujo moja ikabaki mkononi haina pa kwenda. Cherahani ikashona hivyo hivyo zaidi ya miaka thelathini, na ile parafujo aliihifadhi ndani ya kibweta chake, akisema ipo siku itajieleza.

Mwaka 1990 aliolewa na Mwalimu Matar Nassor, mtu mpole aliyependa kuulizwa, kwa hivyo walielewana. Walijaaliwa watoto wawili, Basil na Nasima. Mwalimu alitangulia mbele ya haki mwaka 2011, na Bi Mwanakheir hakuolewa tena.

Sasa tufike pale ambapo yeye mwenyewe alitaka pasifichwe. Disemba 2012 Bi Shahida, aliyekuwa keshahamia Bububu, alimuoza binti yake Kawthar. Siku zilikuwa zimembana, akamwalika mdogo wake kwa simu. Mnajua wenyewe kwetu harusi haialikwi kwa simu. Mtu huendewa mlangoni, akaambiwa uso kwa uso. Jirani aliendewa. Mdogo mtu wa tumbo moja akapigiwa simu. Bi Mwanakheir hakwenda harusini. Bi Shahida naye akaapa hatomfuata mtu aliyemwachia nafasi tupu mbele za wakwe. Ikapita miaka kumi na moja, hapana salamu wala mkono wa idi. Watu husema ndugu wakigombana shika jembe ukalime, wakipatana shika kapu ukavune, lakini kwa hawa mavuno hayakuonekana.

Septemba 2023, akiwa na miaka hamsini na mitano, aligundulika ana sukari na presha. Daktari alimwambia wazi kuwa kukaa kwenye kiti miaka yote ile kumechangia, na akiendelea hivyo miguu itamlipia. Akaandikishwa kwenye mradi mmoja wa watu wa makamo, ambao simu huhesabu hatua zao na kuwaletea ujumbe wa kuwahimiza. Alifurahi kama mtoto. Alitaka kujua simu inahesabuje na haina macho. Akaitia mfukoni, akakaa kwenye cherahani yake ya miguu, akakanyaga sare tano, simu ikamwandikia hatua elfu tatu hali hakutoka chumbani. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akawapigia wenye mradi akawatajia kosa lao.

Kosa lake yeye lilikuwa jengine. Kila alasiri simu ilimuuliza: "Umetembea leo?" Na kwetu sisi, mtu akikwambia njoo utembee, hana haja na miguu yako, ana haja uje, ukae, ule. Bi Mwanakheir akaona wamefanya jambo la maana, watu wanaokaa peke yao wanahimizwa kwenda kwa watu. Akawa kila siku anakwenda kwa mtu, na jioni anajibu kwa utuvu: "Naam, nimetembea kwa Bi Tahiya, kanipa mkate wa ufuta, mguu wake bado unamuuma." Wiki ya tatu Nadir, kijana wa mradi, alimpigia simu. Alitoa shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaeleza kwa adabu kwamba wao wanauliza hatua, si nyumba. Bi Mwanakheir alimsikiliza mpaka mwisho.

"Sasa mwanangu," alimuuliza, "mtu anatembea bila ya kwenda kwa mtu? Anakwenda wapi?"

Nadir akamwambia aendelee vivyo hivyo, ila mkate wa ufuta apunguze. Baada ya miezi mitatu sukari ilishuka, na gauni zake akazitia mkono mwenyewe kuzipunguza.

Kisha, Januari 2024, ukaja ujumbe: "Leo badilisha njia. Tembea mahali hujafika siku nyingi." Aliusoma, akaiweka simu kifudifudi. Alimuuliza Nasima ni nani aliyekwenda kuwaambia watu wale mambo ya nyumbani kwao. Nasima akamwapia kuwa hakuna, wametumiwa watu wote. Hakuamini. Siku mbili hakushona. Jumapili tarehe 14, baada ya sala ya alfajiri, alitoka Jang'ombe peke yake, akapumzika Mtoni, akaendelea. Gari zilimpita zikimpigia honi, hakupanda. Saa tatu kasoro alipiga hodi Bububu, baada ya hatua elfu kumi na nne mia mbili na sita.

Bi Shahida alifungua mlango, akamtazama vumbi la miguuni. "Umekuja na gari gani?"

"Nimekuja kwa miguu."

Bi Shahida alileta maji, akamuosha miguu mdogo wake, na wote wawili walilia bila ya haya. Tangu siku hiyo walikuwa wakikutana njiani mara mbili kwa wiki, kila mmoja akitoka kwake.

Mei mwaka huu alianza kuumwa tumbo, na hospitali ikagundua saratani ya kongosho. Aliuliza kila dawa inafanya nini na daktari akamjibu. Alipokuwa hawezi kuteremka kitandani, Bi Shahida aliichukua simu yake, akaifunga kwenye pembe ya kanga, akawa anatembelea watu kwa niaba yake na kurudi na khabari. Wasia wake ulikuwa mmoja: "Hitma yangu msije mkaialika kwa simu." Alifariki Jumatano, tarehe 3 Septemba 2025, akazikwa siku hiyo hiyo Mwanakwerekwe.

Ameacha watoto wawili, wajukuu watatu, dada mmoja, na parafujo ambayo bado haijajieleza.

Kila aliyekaa hapa leo aligongewa mlango. Bi Shahida, kwa miaka yake sitini na magoti yake yale, alipita Jang'ombe, Amani mpaka Bububu, siku sita, simu ya mdogo wake imo kwenye pembe ya kanga. Nadir naye aliendewa. Yupo pale nyuma, na ndiye aliyeombwa asimfute Bi Mwanakheir kwenye mradi mpaka hitma ipite. Jana alasiri simu ikauliza kama kawaida: "Umetembea leo?" Bi Shahida alivaa miwani, akaandika herufi moja moja: "Naam. Nimetembea kwa watu wote."

Mola amrehemu mama yetu, amfungulie mlango kila anapobisha hodi, na ampe majirani wema wa kuwatembelea. Amin.