Anania Nkunzimana na Kisanduku Kilichomwagiwa Gundi

Ndugu waombolezaji, tumekutana hapa Makere kumsindikiza kaka yangu, Anania Nkunzimana. Mimi ni dada yake, Elieth. Familia imeniomba nisome kwa upole, nami nitajaribu.

Marehemu alizaliwa Kibondo tarehe 4 Machi 1961, mtoto wa pili wa Mama Pelagia na hayati Mzee Pasikali. Alisoma shule ya msingi hukohuko, sekondari Kigoma, na mwaka 1984 akahitimu ufundi wa umeme Dar es Salaam. Utotoni aliwahi kufungua redio ya baba ili amwone anayesema. Alichapwa, lakini alipoifunga tena ilisikika vizuri kuliko mwanzo.

Mwaka 1988 alifunga ndoa kijijini Heru Juu na Josepha, mwalimu aliyehamishiwa Kasulu kutoka Singida.

Kazi aliyoipenda kuliko zote aliifanya hapa, kwenye kisima cha mradi wa maji. Mwaka 1996 alifunga kwenye pampu ya umeme wa jua kisanduku chenye kompyuta ndogo kama kiberiti. Ndani yake aliweka lugha fupi ya amri: WASHA, SUBIRI, ZIMA. Mhudumu wa kisima, Mama Vestina, alibonyeza vitufe akaandika amri zake, na kisanduku kilizisoma moja moja na kuzitii palepale. Maji yakipungua kisimani, aliongeza muda wa SUBIRI ili kisima kijae tena, basi. Siku moja alisahau kuandika ZIMA, tangi likafurika mpaka kwenye maharage yake.

"Yewe Anania, hiki kitu hakina akili."

"Kina utii, mama. Akili ni yako."

Mwaka jana walikuja wageni. Mkuu wa mradi aliona aibu mbele yao kwamba mama wa jembe ndiye anayeiamuru kompyuta. Akaagiza vitufe vimwagiwe gundi ngumu. "Wanakijiji watakichezea," alisema. Marehemu alikwenda ofisini kumsihi, akawekwa kwenye benchi mpaka ofisi ikafungwa.

Kiangazi hiki maji yalishuka kisimani. Vestina aliona, lakini hakuwa na pa kubonyeza. Pampu ikavuta hewa, mota ikaungua. Makere yote ikarudi mtoni, kwenye maji ya ng'ombe na ya vyoo. Marehemu alishinda kisimani akiihangaikia mota ile, na maji aliyokunywa ni hayohayo, kwa kuwa hakukuwa na mengine. Homa ya matumbo ilimlaza Septemba. Alifariki hospitalini Kasulu tarehe 9 Oktoba 1999.

Jana mradi ulileta shada la maua lenye utepe ulioandikwa "Mtumishi Mwaminifu". Nimelitazama nikaona kinyaa. Liko kule barabarani, wenyewe wakitaka walichukue.

Ameacha mjane Josepha, watoto wawili, Obedi na Immakulata, mama yetu Pelagia, nasi ndugu zake. Kisanduku nacho ni kizima, chini ya gundi.

Maji ya kunawa baada ya mazishi yako kwenye ndoo pale. Yametoka mto uleule, hatuna mengine. Nawaomba msiwaache watoto wayanywe. Kaka yetu sasa apumzike, na amani iwe kwake.