Nani Aliwatuma Kung'oa Alizeti?

Benchi la kwangu ni mlango. Mlango wa jikoni wa zamani, mchwa waliula upande mmoja wakachoka, nami nikaulaza juu ya matofali kando ya ukuta wa mbele, nikaweka jiko na birika la kahawa. Watu wakaja wenyewe, sikumwita mtu. Wa kudumu ni watatu. Fundi Saa, ambaye kile kioo chake cha jichoni hakivui hata akinywa. Spana, makanika, akishika kikombe cheupe anakirudisha cheusi. Na Wakili, ambaye si wakili, alikuwa akifagia mahakamani, sheria zote alizisikia akiwa ameshika ufagio. Ni watu wazuri. Nasema ni watu wazuri kabla sijasema walichonifanyia, maana nikianza sitalikumbuka tena hilo.

Dada yangu mkubwa alipata kiharusi, mguu wa kushoto ukalala. Muuguzi akasema asimame kila siku, hata kwa kushika nondo za dirisha, la sivyo na ule mzima utausahau mwendo. Dada akasema, "Nisimame nione nini? Ukuta?" Basi nikaotesha alizeti kwenye makopo. Zilipotoa majani ya kwanza nikazipeleka chini ya dirisha lake, jioni jua limepoa, kila moja na udongo wake mzima, nimeibeba kama mtoto aliyelala usiyetaka aamke. Zikashika. Zikapanda mpaka magotini, zikapita, zikaanza kufunga vitumba. Na dada akawa anasimama. Kila asubuhi nilisikia kitanda kinalia, kisha kimya, kisha sauti yake: "Mdogo wangu, njoo! Hii ya pembeni inataka kufumbua jicho!"

Kisha binti yangu akajifungua, nikaenda kumwosha mtoto. Dada nikamwachia mke wa mwanangu.

Niliporudi nilikuta alizeti zote zimepangwa mstari mmoja mbele ya benchi langu, shingo chini kama watu wa msibani. Na dada amelala, ameelekea ukutani. Nikamwamkia, akaitikia ukuta.

Nikatoka nje. Wote watatu walikuwepo, wamekaa, wananyoosha vikombe.

— Nani aliwatuma? nikauliza. Birika nililishika mkononi, simmiminii mtu.

— Bibi, pole na safari, akasema Wakili. Kaa kwanza. Mlalamikaji hasimami.

— Anayesimama nani, mshtakiwa? Haya simama wewe.

Akasimama nusu, akakaa.

— Ilikuwa nia njema, akasema Spana. Jua la alasiri linatukaanga hapa, Bibi, unaliona mwenyewe. Tukasema, maua marefu yote yale yamejificha ubavuni mwa nyumba, hakuna anayeyaona. Tuyalete mbele ya watu. Sisi tupate kivuli, wewe upate wateja.

— Hakuna anayeyaona?

— Sasa huko anayaona nani? Kuku?

Neno lililokuja mdomoni ni lile ambalo marehemu mama alinichapa kwa sababu yake nikiwa mdogo hivi.

— Na mke wa mwanangu aliwaachia?

— Tulimwambia umetuagiza, akasema Wakili, sauti imeshuka. Ni utaratibu tu wa lugha.

— Utaratibu wa uongo!

— Lakini Bibi, akadakia Fundi Saa, na wewe si ulizihamisha? Tulikuona kwa macho yetu. Ulizitoa kwenye makopo ukazipanda kule, zikakubali. Sisi tumezitoa kule tumezipanda hapa, zimegoma. Kwako ni kilimo, kwetu ni kosa?

— Mimi nilihamisha vitoto! Vina majani mawili! Mama mkwe wangu alinifundisha, Mungu amrehemu, alisema alizeti ni bibi harusi, anaingia nyumba moja tu. Ina mzizi mmoja mkubwa, unashuka kama msumari. Ikishaota pake ukiipiga jembe umeikata mguu. Mlizing'oa na nini?

Wakatazamana.

— Na tairi liva, akasema Spana, lile chuma langu la kubandulia matairi.

Jamani. Tairi liva! Alizeti za mgonjwa!

— Ila tulizing'oa polepole, akaongeza upesi. Haraka haraka haina baraka.

— Na mlizing'oa saa ngapi?

— Hapo ndipo mimi na hawa tulipotofautiana, akasema Fundi Saa, akasogeza kioo chake. Nitakwambia tatizo, Bibi, wala si mzizi. Alizeti ni saa. Asubuhi inatazama kule, jioni inatazama huku, haijawahi kuchelewa. Sasa sisi tuliing'oa mchana katikati, tukaenda kula, tukaipanda baadaye. Ua limepoteza muda. Hivi unavyoliona linadhani bado ni mchana wa siku ile. Limesimama. Ukilitikisa kidogo...

— Litikise uone nitakavyokutikisa.

— Achana na mambo ya saa, akasema Spana. Hii ni hewa. Mpira wa maji ukiingia hewa, unafungua bomba mpaka kesho, maji hayafiki. Shina la alizeti ni mpira. Tulipochomoa, hewa ikaingia. Dawa yake tunatoboa hapa juu, tunanyonya, hewa inatoka, maji yanapanda. Breki za lori natibu hivyo hivyo. Samaki mkunje angali mbichi.

— Samaki ameingiaje?

— Ndiyo tutoboe zingali mbichi.

— Hawa wote wanakupotezea wakati, akasema Wakili, naye sasa akasimama kweli, kidole juu. Kesi hii iko wazi. Hazikupewa notisi! Huwezi kumtoa mkaaji kwenye makazi yake bila taarifa. Mimi nilisema pale pale, mashahidi hawa hapa, nikasema, jamani, hata kwa mdomo, mtu azitaarifu. Wakanicheka. Tukazipokea hapa kwa heshima, lakini mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu Spana akazipalilia kwa jembe. Sasa zimejiona zimenyanyaswa. Huko kuinama si kunyauka, Bibi. Ni mgomo.

— Zimeinama kwa sababu wewe ulisema zigeuzwe zitutazame! akafoka Spana.

— Nilisema zigeuzwe kwa adabu! Ua haliwezi kumpa mtu mgongo akinywa kahawa!

— Basi umezivunja shingo!

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame! Zenyewe zimeinama, zinatafuta kitu!

— Zinatafuta mzizi wao! nikapiga kelele mimi. Uko kule, mmeuacha kwenye shimo!

Jirani wa ng'ambo akafungua mlango, akatazama, akaufunga.

Nikawaambia yupo anayeziona. Nikawaambia lile dirisha ni la nani, na muuguzi alisema nini, na kwamba tangu siku waliyopita na tairi liva dada yangu hajaweka mguu chini. Uji anaunywa amelala kiubavu. Jana, mke wa mwanangu ameniambia, muuguzi alimkandakanda ule mguu, akatoka ameuma mdomo, hakuaga vizuri.

Wakaweka vikombe chini. Nikadhani yamewaingia. Kumbe Fundi Saa anafikiri.

— Basi tuzirudishe, akasema. Asubuhi na mapema, kabla hazijajua ni saa ngapi.

— Tena! nikafoka. Mara ya tatu!

— Kwa notisi lakini, akasema Wakili.

— Na tairi liva nitaliosha, akasema Spana.

Walahi, nilitaka kuwamwagia lile birika, nikaionea huruma kahawa.

Wakati huo alikuwa amekuja mama mmoja mshonaji, mpangaji mpya wa nyumba ya pili, utepe wake wa kupimia umemning'inia shingoni. Alitaka kikombe kimoja tu arudi kwenye cherehani. Alisimama anangoja, anawatazama wanavyorushiana, shina, hewa, notisi, shingo. Akauliza taratibu, kama mtu anayeuliza njia:

— Na mwenyewe mmemwambia nini?

— Tumemwambia Bibi nia yetu ilikuwa... akaanza Spana.

— Si huyu. Yule wa dirishani. Mmemwambia nini?

Fundi Saa akavua kioo chake. Sijawahi kumwona jicho lile likiwa tupu, ni dogo kuliko lenzake. Spana akatazama viganja vyake. Wakili, aliyekuwa na jibu kwa hakimu na kwa karani, akavua kofia yake. Watu wa kunywa kahawa yangu miaka yote hiyo, ukuta mmoja na mgonjwa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuzunguka nyumba akamwambia Bibi Mkubwa umeamkaje.

Mshonaji kahawa yake hakuipata, maana hata mimi nilisahau kummiminia. Akasema ngoja niwahi kazi yangu, akaondoka.

Sikujua nani alianza. Niliona tu wameinuka, wanazunguka ubavuni, mmoja nyuma ya mwingine. Nikawafuata, birika bado mkononi. Chini ya dirisha mashimo yalikuwa wazi vile vile, hawakuwa hata wameyafukia. Wakasimama humo humo kwenye mashimo, kwa sababu nafasi ni ndogo, kofia mikononi.

— Shikamoo Bibi Mkubwa, akasema Wakili kwenye nondo.



— Shikamoo, akasema Spana. Sisi ndio tuliong'oa.

Nikasogea karibu na nondo. Kisha nikasikia kitanda kinalia.

— Ninyi? sauti ikatoka ndani, nzito, mdomo upande mmoja bado haujakaa sawa. Ninyi ndio?

— Ndiyo, Bibi Mkubwa. Tunaomba radhi. Hatukujua.

— Hamkujua! Mnasikia vikohozi vyangu kila siku, leo hamkujua!

Kitu kikaanguka, nadhani kigoda. Nikataka kukimbilia ndani. Sikukimbia, maana vidole vilitokea kwenye nondo, kimoja kimoja, vikashika mpaka vikawa vyeupe. Kisha kitambaa cha kichwa kikatokea. Kisha uso wa dada yangu, umelowa jasho, macho yanawaka kama enzi zile akigawa zamu za kwenda kuchota maji.

Akawaanza. Alimwanza Wakili na mdomo wake mrefu, akaenda kwa Spana na makucha yake meusi, Fundi Saa akamwambia saa ya ndugu yetu ameikalia mpaka ndugu mwenyewe amezeeka. Aliwasema na baba zao waliowaachia waingie mjini bila kufundwa. Akawaambia mbegu watanunua wao, watazifukia papo hapo waliposimama, na atakayezigusa tena kwa jina la kuhamisha, mkono wake utahama nazo.

— Sawa, Bibi Mkubwa, wakasema. Sawa.

Nondo zilikuwa zinalia kwa uzito wake. Nikasema, dada, basi, pumzika, keti.

— Nitaketi nikitaka, akaniambia, wala hakunitazama. Ninyi watatu. Kesho asubuhi mje hapa hapa. Sijamaliza.