Taisto Lehikoinen na Simu Isiyohitaji Macho

Tarehe 30 Aprili, Taisto Lehikoinen anaiaga idara yetu ya majaribio ya simu hapa Oulu baada ya miaka thelathini na mmoja. Wapo watakaomlilia. Wapo pia wahandisi watakaoshusha pumzi, maana mtu huyu akishikilia jambo haachii.

Alianza kama mhandisi wa antena, asiye na habari kabisa na mahitaji ya wasioona. Siku moja alitumwa Pudasjärvi kwa Aune Ylitalo, mmoja wa wanaotujaribia simu, asiyeona tangu utotoni na anayeishi peke yake. Akamkuta anaandika ujumbe kwa simu ya vitufe haraka kuliko yeye. Tangu hapo kila simu mpya aliipima kwanza ikiwa imefunikwa kioo kwa utepe mweusi, na ole wako uache yako mezani ukienda kunywa kahawa.

Ila tutamkumbuka zaidi kwa ule mwaka wa simu yetu ya kwanza isiyo na vitufe. Sauti ya kumsomea mtu yaliyo kwenye kioo haikuwa tayari, na mkurugenzi wetu, Harri Sjöblom, akaamua iongezwe mwakani. Kwa Aune, mwakani kulikuwa mbali. Mtandao uliobeba simu yake ya vitufe ulikuwa unazimwa vuli ileile, na jirani yake wa karibu yuko ng'ambo ya ziwa. Angebaki na theluji mlangoni na kipande cha kioo kisicho na faida mkononi.

Taisto alipinga katika kila kikao, akaambiwa asubiri. Akanyamaza, jambo lililopaswa kututia shaka, akangoja Alhamisi, zamu ya wanaume katika sauna ya ofisi, lile bafu la mvuke la ghorofa ya juu. Harri, ambaye bila miwani haoni hata goti lake, aliiacha kwenye chumba cha kubadilishia nguo kama kawaida. Alipotoka, haikuwepo.

"Taisto, acha utoto. Miwani yangu iko wapi?"

"Ipo, haijaota miguu. Mpigie kwanza mkeo umwambie unachelewa," Taisto alimjibu, akimwekea ile simu mpya kiganjani.

Harri akapapasa, akabonyeza, akafuta kioo kwa taulo, akabonyeza tena. Simu ikaita.

"Mama watoto, usinisubiri, nakula soseji huku, nina taulo tu!"

Aliyepokea alikuwa mwenyekiti wa bodi.

Tulicheka hadi tukashika kuta. Harri hakucheka. Alikaa kwenye benchi, maji yakimchuruzika, akauliza yule mama wa Pudasjärvi anaitwa nani. Uzinduzi ukasogezwa mbele mpaka sauti ikawa tayari, na Taisto mwenyewe akampelekea Aune simu mpya, kabla mtandao wa zamani haujazimwa.

Baadaye alipigania ujumbe wa dharura kwa viziwi na vitufe vikubwa kwa wenye mikono inayotetemeka, kwa ubishi uleule. Kusema kweli, tunaona fahari kufanya kazi naye.

Wasifu huu tulimtumia Aune kwanza. Simu yake ikamsomea wote, naye akatupigia papo hapo: "Mmemsifu mno, mtamharibu. Mwambieni sasa hana kazi, hana kisingizio. Nikipiga, apokee."

Taisto, asante kwa ukaidi wako. Tunakuombea afya, utulivu na kahawa ya moto miaka mingi. Na simu ikiita, pokea.