Kikapu cha Malewa cha Edinah Nabifo

Wasikilizaji wapendwa, mlioko Jinja na mlioko Mbale, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Edinah Nabifo. Edinah Nabifo, mchumaji wa malewa, alifariki dunia wiki iliyopita hapa Jinja, nyumbani kwa binti yake, Phanice. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mmoja.

Malewa ni machipukizi ya mwanzi wa Mlima Elgon, mlima ambao wenyewe huuita Masaba. Hukatwa yakiwa machanga, hukaushwa kwa moshi juu ya uchaga wa jikoni, kisha hupikwa kwa karanga. Wengi wetu tumeyala. Ni wachache waliojiuliza: mkataji hujuaje chipukizi la kuacha?

Edinah alijua. Alizaliwa katika kijiji kinachopakana na msitu. Msimu wake wa kwanza mlimani, mama yake alimnyima kisu. Kazi yake ilikuwa kutazama tu.

"Alilalamika mpaka uzeeni," anasema Phanice huku akicheka. "Alikuwa akisema, 'Msimu mzima, mwanangu, nimekalishwa kama bibi harusi!'"

Miaka tisa iliyopita, lango la msitu lilifungwa. Ofisi ya hifadhi ilisema wakataji wanaumaliza mwanzi. Edinah na wanawake wenzake wanane wakabaki nje ya msitu uliowalisha mama zao na bibi zao. Tangu siku hiyo alitaka jambo moja tu: lango lifunguliwe.

Akateremka Mbale kumwona ofisa wa hifadhi, Bwana Isabirye. Na hapo akafanya kosa. Katika ukoo wa Edinah, malewa ya kwanza ya msimu hayaliwi na aliyeyakata. Hupelekewa mtu wa kuheshimiwa. Basi, kabla ya kuteremka, alikuwa amepenya msituni, akakata, akakausha, kisha akaenda ofisini na kikapu.

Isabirye alifunua jani la mgomba.

"Mama, haya yametoka wapi?"

"Mlimani, afande. Ni ya kwanza. Ni yako."

"Umeyakata lini?"

"Mwezi huu."

"Mwezi huu lango limefungwa! Mama, umejiletea kesi mwenyewe, tena ndani ya kikapu!"

"Kesi haipikwi kwa karanga, afande."

Makarani waliangua kicheko. Isabirye hakucheka. Aliita askari.

Edinah alitambua alichokifanya. Alikuja kuomba lango lifunguliwe, akaleta ushahidi wa kulifunga daima. Hata hivyo hakukana. Aliyatoa malewa moja moja, akayapanga mezani. Yalikuwa kumi na manne.

"Kabla hujanifunga, twende mlimani," alisema. "Nitakuonyesha kila moja lilikotoka. Nikikosa kisiki kimoja tu, nifunge."

Wasikilizaji wapendwa, ofisa angeweza kukataa. Lakini udadisi ulimshika. "Nilitaka kujua kama bibi yule ananitania," anasema Isabirye, ambaye sasa amestaafu.

Walipanda kesho yake. Visiki vyote vilipatikana. Kumi na vinne. Kando ya kila kisiki yalisimama machipukizi mawili aliyoyaacha, marefu kuliko mtu. Isabirye aliinama, akapima, akauliza kwa nini yale ya ukingoni, yaliyonona zaidi, hayakuguswa.

"Ya ukingoni ni miguu ya msitu," Edinah alijibu. "Ukiikata, msitu utatembeaje?"

Ng'ambo ya kijito, watu wasiojulikana walikuwa wamekata kila kitu. Huko kulibaki nyasi tu. Isabirye alitazama upande huu, akatazama upande ule.

"Mama, nani alikufundisha?"

"Nilikalishwa."

Isabirye alimwandikia barua ya onyo, kwa kuwa sheria ilikuwa imevunjwa. Siku hiyohiyo aliandika pia ripoti ya alichokiona. Vikao vilichukua miezi saba. Mwishowe kibali kikatoka: wanawake wataingia msituni siku mbili kwa wiki wakati wa msimu, na watakata kwa utaratibu wa Edinah. Ofisa alitaka kukiandika kwa jina la Edinah peke yake. Edinah akakataa.

"Mimi nitakufa, afande. Halafu mtafunga tena. Andika wote tisa."

Majina tisa yakaandikwa. Vidole gumba tisa vikapigwa wino.

Edinah Nabifo alizikwa Jumamosi, kijijini kwake mlimani. Jumanne iliyofuata, wanawake wanane walifika kwenye lango na kibali kilekile. Mlinzi alikisoma mpaka mwisho. Kisha akafungua.

Kwa Phanice, kwa ukoo wote, na kwa wanawake wale wanane: poleni sana. Msiba wenu ni wetu. Nanyi, wasikilizaji wapendwa, jirani nanyi yupo mtu anayejua jambo ambalo hakuna ofisi iliyowahi kumuuliza. Mtafuteni wiki hii. Muulizeni. Kisha nyamazeni, mumsikilize.