Nilivyowafukuza Watu kwenye Baruti

Mbukwenyi, ndugu zangu. Nimeona midomo yenu imeitikia, nami nashukuru, maana kusikia sisikii. Nikipaza sauti kupita kiasi mnisamehe. Mke wangu amekaa pale mbele, na akishusha kiganja najua nimeanza kuwapigia makelele. Ameshakishusha, na ndiyo kwanza naanza.

Wengi mnanijua kama yule kiziwi wa upande wa Mkonze. Leo nataka niwaambie uziwi huu niliupataje, na jinsi ulivyotaka kunimaliza.

Reli ilipokwisha fika Dodoma, Wadachi walitaka miamba ya mbele ipasuliwe ili njia iendelee. Wakatafuta wapagazi wa kubeba baruti kutoka stesheni mpaka kwenye miamba hiyo. Nikaingia. Kazi ilikuwa karibu na nyumbani, na mke wangu alikuwa mjamzito, tena hiyo ndiyo mimba ya kwanza kukua baada ya mbili kuharibika. Sikutaka kwenda mbali naye.

Nawaambia, mzigo ule ulikuwa na kisirani chake. Ukiubeba tangu asubuhi, kufika mchana kichwa kinagonga mpaka unatapika. Wenzangu Wanyamwezi walisema tumelogwa. Mnyapara akasema ni harufu ya baruti yenyewe, tukaze mwendo.

Siku moja mchana tulifika jirani na kijiji changu. Upepo wa kiangazi, mnaujua ulivyo kwetu, ulikuwa unavuma mpaka mchanga unaingia menoni. Mnyapara akasema tupumzike. Tukapanga masanduku yote chini ya mgunga, tukajilaza mbali kidogo. Mwenzetu mmoja, jina simtaji, alikuwa amenasa kwale njiani. Njaa ni njaa. Akaenda nyuma ya kichaka akawasha moto amchome. Upepo ukauchukua moto ukautia kwenye nyasi kavu, na tulipoinuka ulikuwa unaelekea kwenye masanduku.

Mnyapara akakimbia. Askari aliyetulinda naye akakimbia, bunduki akaiacha. Wanyamwezi wakawa wanapiga yowe huku wanakimbia, na hilo yowe ndilo lililoleta balaa.

Ninyi ni Wagogo wenzangu, mnaelewa. Kwetu yowe likipigwa hukai. Unaacha chungu jikoni, unaacha ng'ombe kisimani, unakwenda kule kule linakotoka. Asiyekwenda anatozwa mbuzi, tena haonekani mtu. Basi watu wa kijijini walisikia yowe, wakaona moshi, wakamiminika. Wanawake walikuwa wanapura mtama, wakaja na matawi na majembe na vibuyu vya maji, wote mbio kwenda kuuzima moto ule. Katikati yao nikamwona mke wangu, mkono mmoja ameshika tumbo, mwingine umeshika tawi.

Nami nilikuwa nakimbia, lakini nilipomwona huyo sikuweza kukimbia tena. Nikasimama mbele yao nikapunga mikono. "Rudini! Ni baruti!"

Baba yangu mdogo alikuwa wa kwanza kunifikia. "Baruti ndiyo nini, mwanangu?" akasema. "Mimi naitia kwenye gobori kila siku. Shika tawi." Akanipita.

Baruti waliyoijua wao ni ile ya kijiko kimoja, ya kutishia fisi. Kuwaeleza kwamba kuna nyingine inayopasua mlima, nafasi hiyo sikuwa nayo. Nikavua shuka, nikajifunika kichwa, nikaanza kujipiga makofi usoni na mgongoni, nikawakimbilia nikipiga kelele kwa Kigogo chetu: nyuki, mizinga imeungua, nyuki wanakuja.

Mnacheka. Chekeni tu, siku hizi hata mimi nacheka. Lakini nyuki wa kwetu mnawajua. Moto ukipita chini ya mti wenye mizinga, nani atabaki kuuliza maswali? Matawi yakatupwa, vibuyu vikapasuka, na baba mdogo akanipita mara ya pili, safari hii anarudi, tena kawaacha vijana nyuma. Mke wangu kwa hali yake hakuweza kwenda nao. Akajitupa kwenye korongo, akajifunika kaniki gubigubi, kama tunavyofundishwa tangu utoto. Nami nikawa naelekea kwenye korongo hilo hilo.

Mlio wenyewe siukumbuki. Nakumbuka ardhi iliniinua. Nilipofumbua macho mke wangu alikuwa ameniinamia, mdomo unakwenda na sauti haiji. Hakufa mtu hata mmoja. Wakanibeba kwa ngozi ya ng'ombe, na baadaye wakanileta hapa Mpwapwa, ambako bibi wa misheni alinisafisha masikio siku nyingi, mwisho akatikisa kichwa.

Sasa ndugu zangu, sikuanguka siku ile. Nilianguka nyumbani, nilipokwisha pona vidonda. Nikiona watu wanacheka, nasema wananicheka mimi. Nikaacha kabisa kuzungumza. Nikamwonyesha mke wangu kwa mkono arudi kwa baba yake, apate mwanamume anayesikia. Akapandisha mabega, akaendelea kusaga. Basi nikawa nakaa nje ya tembe kutwa, mgongo nimeupa mlango, namwomba Mungu anichukue. Nawaambia wazi, nilitaka kufa.

Asubuhi moja nimekaa vivyo hivyo, mwiko ukanipiga mgongoni. Nikageuka kwa hasira. Mke wangu alikuwa amepiga magoti mlangoni, jasho linamtiririka, na katikati yetu vimetapakaa vyombo vyote alivyokwisha nirushia vikanikosa: kata, ungo, kibuyu. Alikuwa ananiita muda wote ule, mimi nimempa mgongo. Chini yake nikaona damu.

Nikapanda juu ya tembe nikapiga yowe. Sikujua kama limetoka. Koo lilichanika, lakini kwangu mimi kimya. Nikapiga tena. Nikatazama vijia vyote, hakuna mtu, nikasema moyoni, mtu aliyekwisha watapeli kwa nyuki wasiokuwapo nani atamwitikia? Nikapiga tena huku nalia.

Nikaona vumbi. Walikuja, ndugu zangu, walikuja kila upande. Mkunga na wanawake wakaingia ndani. Baba mdogo akakaa nami nje, akanishika mkono, hakuuachia mpaka mlango ulipofunguliwa.

Tangu hapo nimerudi kwa watu. Namshukuru Mungu. Nawashukuru majirani, na bibi wa misheni, na mke wangu aliyekataa kurudi kwa baba yake. Nanyi mnaobeba mizigo ya reli, moto ukiukaribia mzigo ule, uacheni, okoeni watu kwanza, na muwaambie kwa neno wanalolijua wao. Na wewe uliyejifungia na huzuni yako, ita. Usingoje mpaka uisikie sauti yako mwenyewe.

Naona mnanyoosha shingo kutazama pale mbele. Ni binti yetu huyo, aliyezaliwa siku ile, kinywa wazi mpaka koromeo linaonekana, na mama yake anainuka amtoe nje. Mama, kaa naye hapo hapo. Sauti yake mimi siijui, sijapata kuisikia. Hawa wanaisikia. Mwache alie.