Kidonda cha Kifutio

Saa kumi jioni, mvua ikiwa imekatika sasa hivi tu, benchi letu mbele ya kibanda cha kinyozi linageuka kitanda. Mvuke unapanda kutoka kwenye lami, mwingine kutoka kwenye kahawa, nawe unaiona dunia kwa mbali, kope nzito. Tulikuwa wanne: Wembe mwenye kibanda hicho, Injinia wa redio mbovu, Sindano fundi cherehani, na mimi ambaye kazi yangu ni kusikiliza. Sindano alikuwa hajagusa kikombe chake.

— Binti yangu ana kidonda nyuma ya kiganja, alisema. Huko shuleni wanasuguana ngozi kwa kifutio cha penseli huku wakitaja herufi, A mpaka Z. Anayeomba basi, kashindwa. Wangu kashinda. Kesho wanarudia, mkono wa pili. Nimemkataza, ananitazama tu. Naogopa, jamani.

— Simu hizo, akasema Wembe.

— Simu wapi! akadakia Injinia. Ni mawimbi. Damu ya vijana siku hizi inashika stesheni mbili kwa mpigo. Maumivu ndiyo kitufe cha kutafutia moja.

— Acha fiksi! akabisha Wembe. Basi ni vifutio vyenyewe. Vinanukia peremende, ngozi inavitamani.

— Na hilo kovu lako la kiganjani? nikamuuliza.

Akalitazama kana kwamba limeingia leo.

— Hili? Tulikuwa tunashika glopu inayowaka. Nilihesabu hadi thelathini. Wenzangu wote macho kwangu... Sijawahi kutazamwa vile tena.

— Thelathini tu? Mimi hamsini, akasema Injinia.

— Mwongo mkubwa wee!

— Haya, mimina tuone.

Wembe akaleta birika linalotokota, akamimina. Vikombe vyetu havina mkono, tukavikumbatia kwa viganja. Nami nikashika, sijui kwa nini. Hata Sindano akashika. Tukahesabu polepole, kwa sauti ya kubembeleza mtoto. Moto ukapanda hadi viwikoni na, nisiseme uongo, ulikuwa mtamu.

Kwenye arobaini na moja akatokea binti ya Sindano, sare ya shule, kitambaa kimefungwa mkononi.

— Shikamooni.

Tukaitikia tukiwa tumebana meno. Akatutazama mmoja mmoja, machozi yakitulengalenga.

— Baba, anayeshinda anapata nini?

Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kujua kweli. Sindano akamgeukia Wembe, Wembe akanigeukia mimi. Viganja bado viko kwenye vikombe. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuachia.